Tusichangie tena makombe ya watoto, tuchangie mipira



Naomba nianze na hoja yenyewe, ili asiye na muda asome aya hii tu kisha arudi kwenye boksi lake. Nasema hivi: sisi tulioko nje tuache kuchangia makombe, fedha za washindi na mbuzi wa mashindano ya watoto walio chini ya miaka 13. Hela hiyo hiyo tununulie mipira, mingi, ya saizi ya mtoto, na itakayobaki iwe posho ya mtu wa kuwafundisha. Na huku kwetu Uingereza, kwenye mabonanza yetu ya kiangazi, tuache kuwapanga watoto wa miaka 9 kumi na mmoja kwa kumi na mmoja kwenye uwanja wa watu wazima huku wazazi tunapiga kelele kama vile Simba anacheza na Yanga.

Najua wapo watakaouliza huyu dada muuguzi mpira umemhusu lini. Umenihusu kwa sababu kila kiangazi naombwa mchango, na kila Jumapili ya zamu ya mchana nikimaliza nawakuta akina mama wenzangu wamesimama kwenye mvua wakimsubiri mtoto aingizwe dakika tano za mwisho. Tena nusu ya tatizo hili liko kwenye mifupa ya mtoto, na hilo ni eneo langu.

Hebu tuangalie kinachotokea ukishaweka kombe mbele ya watoto wa miaka 10. Kocha si mtu mbaya. Ana watoto 18, ana siku moja ya mashindano, na waliotoa kombe wanataka picha. Afanye nini? Atachukua wale warefu, awapange nyuma na mbele. Golikipa ataambiwa abutue mbali. Yule mrefu wa mbele atakimbia, atawazidi mbio wenzake, atafunga. Mechi itaisha tatu bila, kocha atabebwa juu. Hakuna hata mtoto mmoja aliyelazimika kutuliza mpira akiwa amebanwa, kuinua kichwa, kumpiga mtu chenga au kutumia mguu wa kushoto. Kwa kipimo cha kombe siku ilikwenda vizuri sana.

Kiangazi kimoja, kwenye bonanza letu moja huku, niliamua kumfuatilia mtoto mmoja tu, winga wa kulia, miaka 9, kwa kipindi kizima cha dakika 20. Aligusa mpira mara nne. Moja kati ya hizo ulimgonga mgongoni. Baba yake alikuwa amesafiri saa mbili na nusu kumleta, na waliporudi kwenye gari mtoto alipongezwa kwa sababu timu ilishinda. Sasa jamani, huyo amefundishwa nini siku ile? Angebaki nyumbani na mpira wake ukutani angeugusa mara mia tatu.

Sasa niingie kwenye kazi yangu. Watoto wawili waliozaliwa wiki moja, wote miaka 13 kwa cheti halali kabisa, mmoja anaweza kuwa na mwili wa miaka 11 na mwenzake wa miaka 15. Huo si ugonjwa, ndivyo balehe ilivyo; kila mwili una saa yake. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi zaidi kwenye umri wa miaka 13 na 14, wasichana hutangulia kama miaka miwili. Aliyewahi anapata misuli, mbio na urefu kwa wakati mmoja. Anaonekana ana kipaji. Akifika 18 wenzake wamemfikia, wengine wamempita, na kwa kuwa tangu utotoni alikuwa akishinda kwa mbio na kifua tu hakuna aliyemfundisha kitu kingine. Yule mdogo ambaye angelazimika kujifunza ujanja ili aishi kati ya wakubwa aliachwa benchi akiwa na miaka 11 na sasa hachezi tena. Tumewapoteza wote wawili.

Tena hata kabla ya balehe mwezi wa kuzaliwa pekee unatosha kuharibu uchaguzi. Hapa Uingereza makundi ya umri yanafuata mwaka wa shule unaoanza Septemba mosi. Mtoto wa Septemba na wa Agosti wako timu moja, na tofauti yao ni karibu miezi 12. Kwa mtu wa miaka 35 kama mimi mwaka mmoja si kitu. Kwa mtoto wa miaka 8 ni sehemu moja ya nane ya maisha yake yote. Wakanada waliligundua jambo hili kwenye mpira wa magongo wa barafuni miaka ya 1980, na baadaye likaonekana wazi kwenye vituo vya soka Ulaya: vimejaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa mashindano. Mungu hakugawa vipaji kwa miezi. Ni makocha waliokuwa wakichagua ukubwa wakidhani wanachagua kipaji.

Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa kijana wa miaka kama 16 kwa kuonekana mfupi. Akaenda kucheza ligi za chini huku akifanya kazi kiwandani, kiwanda cha vifaa vya kufungia viungo vilivyoumia (nilicheka niliposoma hilo, maana vifaa vya namna hiyo nafunga watu kila wiki). Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa Uingereza na Leicester. Harry Kane naye aliachwa na Arsenal akiwa na miaka 8. Hao walibahatika kupata mlango wa pili. Nchi hii ina milango mingi, timu kila kijiji, ngazi juu ya ngazi. Nyumbani mtoto wa Tandika au Igoma akiachwa akiwa na miaka 11 mlango wa pili ni upi?

Na kuna maumivu. Mtoto wa miaka 10 hadi 15 akichezeshwa mechi nne au tano kwa siku mbili ili timu ifike fainali, mara nyingi nasikia malalamiko mawili: uvimbe wenye maumivu chini tu ya goti, pale kano ya paja inaposhika mfupa wa muundi, na kisigino kinachouma kila anapokanyaga. Sehemu hizo bado ni laini kwa sababu mfupa unakua, na kano inavuta kila anapopiga na kuruka. Dawa kubwa ni kupunguza mzigo. Lakini mwambie kocha mwenye nusu fainali saa nane mchana kuwa straika wake apumzike! Atapakwa dawa ya kuchua, atafungwa bandeji, arudi.

Hapa ndipo napotaka kuzungumzia vijeba, maana watu wengi wanalichukulia suala la vijeba kama la vyeti na wajanja wachache wa TFF. Mwaka 2005 Serengeti Boys waliondolewa kwenye fainali za Afrika za chini ya miaka 17, zile za Gambia, kwa kosa la mchezaji aliyezidi umri. Tulifedheheka, tukalaumiana, tukasahau. Mwaka 2017 zamu ikawa ya Congo Brazzaville: mchezaji wao hakufikishwa kwenye kipimo cha MRI, nafasi yao tukapewa sisi, tukaenda Gabon. Kipimo hicho, ambacho FIFA walianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana hao mwaka 2009, kinaangalia mfupa wa mkono karibu na kifundo. Kuna gegedu pale linalokuza mfupa. Likishaungana kabisa, kijana huyo kwa uwezekano mkubwa sana ameshapita 17. Mashine haisomi cheti cha kuzaliwa.

Lakini mashine iko kwenye mashindano ya mataifa. Haipo kwenye Kombe la Mbuzi la kata ambalo mimi na wewe tumelichangia. Na kijeba anazaliwa huko. Mtu anadanganya umri pale tu ambapo kuna faida ya kudanganya, na faida tunaiweka sisi: kombe, bahasha, jezi mpya kwa bingwa. Ukiondoa bingwa kwenye umri wa miaka 12, kijeba wa miaka 16 atakuja kufanya nini pale? Kupiga danadana na watoto?

Gharama ya mchezo huu hailipwi na vijeba peke yao. Romelu Lukaku, aliyezaliwa Ubelgiji kwa wazazi kutoka Congo, amewahi kueleza jinsi alivyokuwa na miaka 11 na mzazi mmoja wa timu pinzani akataka kumzuia asiingie uwanjani, akidai kitambulisho chake, kwa kuwa alikuwa mkubwa kuliko watoto wao. Alikuwa na miaka 11 kweli. Wengi wetu tuna watoto weusi wenye miili mikubwa kwenye timu za huku, na tunajua yale macho. Ubaguzi upo, sibishi. Ila kila kashfa ya umri kutoka kwetu inampa yule mzazi wa pembeni ya uwanja neno la kusema.

Huo Ubelgiji ndio mfano ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu ni nchi ndogo iliyofeli hadharani kisha ikakaa chini. Mwaka 2000 waliandaa fainali za Ulaya pamoja na Uholanzi, wakatolewa hatua ya makundi mbele ya watu wao. Michel Sablon, aliyekuwa mkurugenzi wa ufundi, akasukuma mageuzi ambayo klabu nyingi hazikuyapenda. Watoto wadogo kabisa wacheze wawili kwa wawili, kisha watano kwa watano, kisha wanane kwa wanane, na kumi na mmoja baadaye kabisa. Msimamo wa ligi kwa watoto wa chini ya miaka 7 na 8 ukafutwa. Baadaye wakaunda hata timu za taifa za vijana waliochelewa kukomaa mwili, wakaziita Futures, ili mdogo asitupwe kabla saa yake haijafika. Novemba 2015 walikuwa namba moja kwenye orodha ya FIFA, na 2018 wakashika nafasi ya tatu Kombe la Dunia. Genk, ile ile ambayo Mbwana Samatta wetu wa Mbagala alichezea akitokea TP Mazembe, ndiyo iliyowalea Kevin De Bruyne na Thibaut Courtois.

Waingereza walichelewa. Mei 2012 wajumbe wa FA walipiga kura wakakubali: chini ya miaka 7 na 8 watano kwa watano, 9 na 10 saba kwa saba, 11 na 12 tisa kwa tisa, na msimamo wa ligi usitangazwe kwa wadogo. Kabla ya hapo mtoto wa miaka 10 au 11 alikuwa akisimama kwenye goli la mtu mzima na kufungwa kwa mipira ya juu ambayo hata angeruka na ngazi asingeifikia. Siku hizi wanazungumzia watatu kwa watatu kwa wale wadogo kabisa. Watu hupenda kusema matunda yake ni 2017, Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia la chini ya 20 na la chini ya 17 mwaka mmoja. Sikubaliani nao sana. Phil Foden, aliyekuwa mchezaji bora wa mashindano yale ya India, alizaliwa 2000, kwa hiyo kura ilipopigwa alikuwa keshafika miaka 12 na yuko kwenye kituo cha Manchester City. Klabu kubwa zilikuwa na mageuzi yao. Faida ya sheria ya FA naiona kwenye kiwanja cha mtaani kwangu: yule mtoto mfupi sasa anaugusa mpira, na Jumapili inayofuata anataka kurudi.

Sasa nakuja kwenye pingamizi, maana nazijua. Ya kwanza ni kwamba sisi tulikua kwenye chandimu, hatukuwa na mipira saizi tatu wala saizi nne, na mafundi walitoka. Kweli kabisa, na mimi naishika hiyo hiyo. Chandimu ilikuwa nini? Mpira wa soksi na makaratasi, magoli ya mawe au ndala, wanne kwa wanne, uchochoroni, hakuna kocha, hakuna kombe, ukipigwa tobo unachekwa wiki nzima. Mdogo alicheza na wakubwa kwa hiyo alijifunza kukwepa. Kila mtu aligusa mpira mara elfu. Wabelgiji walitumia fedha nyingi kutengeneza kwenye karatasi kile ambacho Magomeni na Kisauni walikuwa nacho bure! Tatizo viwanja vile vimejengwa fremu za maduka, na mahali pake tumeweka vituo vyenye jezi, filimbi na kocha anayetaka kombe. Tumewatoa watoto kwenye chandimu tukawapeleka kwenye kubutua.

Ya pili ni kwamba bila ushindani watoto watakuwa legelege. Wenye hoja hii nawaomba wakae pembeni ya watoto sita wenye mpira mmoja kwa robo saa. Watahesabu magoli wenyewe. Watagombana juu ya goli la tatu kama liliingia au halikuingia. Hamu ya kushinda mtoto anakuja nayo, hatuhitaji kumnunulia. Ninachopinga ni mtu mzima kuichukua hamu hiyo na kuifanya ajira yake.

Kuna ya tatu ambayo ina uzito, nayo ni kwamba kombe ndilo linalokusanya watu. Bila fainali diwani haji, mwenye duka hatoi soda, na mchango kutoka nje hautoki kwa sababu mtu anataka kuona kitu. Hili silidharau. Kumbukeni April 2019 tulipoandaa fainali za Afrika za chini ya 17 pale Dar es Salaam: hamasa kubwa, nchi nzima inazungumza vijana. Tukafungwa tano kwa nne na Nigeria, tatu bila na Uganda, nne kwa mbili na Angola. Mabao manne dhidi ya Nigeria yanaonyesha watoto wetu wana kitu. Mabao kumi na mawili katika mechi tatu yanaonyesha kuna mambo hawakufundishwa wakiwa na miaka 9, na huwezi kuyaweka kwa kambi ya miezi mitatu. Hamasa tulikuwa nayo tele.

Nitie na neno la mabinti, maana wanasahaulika kila tunapochanga. Timu ya kwanza ya Tanzania kufika Kombe la Dunia lolote la FIFA la mpira wa miguu ilikuwa Serengeti Girls, India, 2022. Wakaifunga Ufaransa, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali. Nani kati yetu aliwahi kuwachangia mbuzi? Mtoto wa kike mtaani hana hata kombe la kugombea, anahitaji mpira wake mwenyewe ambao kaka zake hawatamnyang'anya.

Kwa hiyo napendekeza tukianza na hili tunaloliweza bila kumsubiri waziri wala TFF. Ombi la mchango likija kutoka kituo chochote cha watoto wa chini ya 13, tuulize mna watoto wangapi na mipira mingapi. Watoto 30 wenye mipira miwili ni foleni, hayo si mazoezi. Tupeleke saizi tatu kwa wadogo wa chini ya miaka 9 hivi, saizi nne kwa wanaofuata, na tujue kuwa kwenye changarawe mpira haumalizi mwaka, kwa hiyo si jambo la kutuma mara moja tukapiga picha. Kocha apewe posho kwa mazoezi anayoendesha, asipewe kwa mechi anazoshinda. Atutumie video kwenye simu, dakika tano za mazoezi kila mwezi, tuone kila mtoto ana mpira mguuni, wa kike wakiwemo. Siku ya kucheza wacheze wanne kwa wanne au watano kwa watano, magoli ya mawe yanatosha, kila mtoto acheze angalau nusu ya muda, na golikipa wa leo kesho awe winga. Anayetaka sherehe aipate: siku ya soda kwa wote, diwani aje ahutubie, kila mtoto aondoke na kitu. Kombe lisubiri wafike miaka 14 au 15.

Na bonanza letu la kiangazi kijacho: kaka zangu wa kamati, uwanja mmoja mkubwa unagawanyika viwanja vidogo vinne. Koni nitanunua mimi. Huduma ya kwanza nitasimamia kama kawaida, na nikisema mtoto goti limemzidi apumzike, nisibishiwe na mtu kwa sababu kuna fainali. Anayepinga aandike sababu zake, nitazisoma nikitoka zamu ya usiku.

Naomba kuwasilisha.